Kigoda cha Mbele: Maisha ya Kalisti Zenon Mwanisawa, 1966–2025

“Otilia, una deni langu. Miaka yote hii hujaikalia sinema yangu mpaka mwisho, hata mara moja.”

Maneno hayo marehemu aliyasema mwezi wa kwanza mwaka huu, ameegemea mto, kwa sauti iliyokuwa imebaki, nayo ilikuwa ya kunong’ona tu. Aliyekuwa akilalamikiwa ni mdogo wake, yaani mimi ninayewasomea. Nilikuwa nimempelekea uji wa ulezi na nilikuwa na haraka, kwani kwenye mashine yangu ya kusaga nilikuwa nimeacha foleni. Nikamjibu, “Kaka, sauti yenyewe huna. Nikikaa nitasikia nini?” Akacheka kwa mabega. Akamaliza uji. Nikachukua kikombe nikaenda zangu mashineni.

Mdomo wangu mnaujua, sitauremba leo mbele ya jeneza. Ila wasifu una utaratibu wake, na padre ametuomba tusichelewe kwa sababu ya mvua, kwa hiyo nianzie panapopaswa.

Marehemu Kalisti Zenon Mwanisawa alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1966 kijijini Mwimbi, ambako siku hizi ni Wilaya ya Kalambo. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Zenon na mama Margareth, wote wametangulia mbele za haki. Baba alitaka mtoto aitwe Adriano. Katekista akafungua kalenda ya watakatifu, akakuta siku ile ni ya Mtakatifu Kalisti, na mjadala ukafungwa. Hilo jina la Adriano lishikeni, tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mwimbi kuanzia mwaka 1975, akamaliza darasa la saba mwaka 1981. Hesabu zilimsumbua, lakini kusimulia hakuna aliyemfikia. Mwaka 1978 lilikuja gari la sinema la serikali kutuonyesha jinsi ya kuchimba choo. Kijiji kizima tulikaa chini uwanjani. Yule mtu kwenye picha akachimba mpaka shimo likamfika shingoni, na hapo jenereta ikazimika. Kulipokucha gari likaondoka. Mama alikuwa akisimulia kwamba mimi, mtoto wa miaka sita, nililia siku nzima nikisema yule mtu ameachwa shimoni. Kalisti akanichukua hadi kule alikokuwa akichunga ng’ombe, akaniambia, “Ametoka. Dada yake alikuja na ngazi, akamgombeza weee, akamtoa.” Nikanyamaza. Kwangu mimi ile sinema ikawa imekwisha vizuri.

Baada ya shule alilima mahindi na ulezi pamoja na baba. Mwaka 1987 alikuja Sumbawanga mjini akawa utingo wa lori la mahindi la kwenda Tunduma. Alibana matumizi, na mwaka 1994 akanunua televisheni, deki na jenereta, akafungua banda la video hapa Katandala. Kuta zilikuwa za mabanzi, madirishani aliziba kwa magunia, na mabenchi alipigilia mwenyewe. Baba aliliita banda la wavivu. Mimi nilikuwa nimeshaolewa hapa hapa Katandala, nyumba ya tatu kutoka kwake, na nilimuitikia baba kwa sauti kubwa kuliko yake.

Mwaka 1997 dereva mmoja rafiki yake alimletea kutoka Tunduma mkanda wa sinema ya Kichina usio na jalada. Sinema yenyewe ilikuwa ya mikanda miwili, na dereva alileta wa kwanza peke yake. Marehemu hakujua hata neno moja la lugha ile. Alipunguza sauti ya televisheni, akasimama pembeni na fimbo, akaanza kusimulia kwa Kiswahili, na pale penye matusi akaingiza Kifipa. Sinema akaiita Mchota Maji. Yule mchota maji mwenyewe akampa jina la Adriano. Mdogo wa Adriano, aliyeuza shamba la baba yao kwa tajiri, akamwita Urbano. Mkanda ule unaishia pale ndugu hao wawili wanapokutana darajani, mvua inanyesha, kila mmoja ameshika upanga. Adriano anaweka ndoo zake chini. Hapo picha inakatika, zinabaki chenga.

Siku ya kwanza watu walitaka kuvunja benchi. “Kalisti, nani kamuua nani?” Marehemu akazima televisheni, akasimama mbele yake, akawamalizia sinema kwa mdomo. Wiki iliyofuata wakarudi, na wakaja na wenzao.

Mimi hapo ndipo sikuelewa, na kusema kweli sikujisumbua kuelewa. Mtu anaijua sinema yote, anajua nani atapigwa na nani atacheka, bado anarudi. Ikawa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, mahindi yakishaingia ghalani, wanakusanyika. Wanatoka Namanyere kwa basi, wanatoka Mwimbi kwa bodaboda, wanaume wazima na ndevu zao wamebeba ndoo mbili mbili kwenye mti begani kama Adriano. Wanasema maneno yote pamoja na marehemu, hawakosei. Nilipomuuliza faida yake nini, alinijibu, “Otilia, wewe rozari unaisali mara moja ukaacha?” Nikamwambia asimchanganye Bikira Maria na mabanzi yake.

Simu zikaja, filamu zikawa zinajazwa kwenye flashi, mabanda mengine ya mtaani yakafungwa yakawa saluni. La marehemu likabaki kwa ajili ya sinema moja tu. Mwaka 2016 binti yake, Epifania, aliipata sinema nzima mtandaoni, na ile sehemu ya pili ikiwemo. Baba yake akafurahi, akawawekea. Ikaonekana Adriano na Urbano wanachinjana darajani, wote wawili wanaanguka mtoni, basi. Banda likachafuka. “Zima! Huyo siye Adriano wetu!” “Hao Wachina wamekosea, Kalisti, simama wewe!” Marehemu akazima, akasimama, akawapa mwisho wao. Kelele hizo nilizisikia nikiwa nyuma ya ua wangu, naanika unga, nikasema hawa watu wamerogwa.

Sisemi sikuwahi kufika. Mlangoni nilifika mara nyingi. Nilikuja kumwita akale, au kumtoa mume wangu, Mungu amrehemu, au kudai benchi langu. Nilipiga kelele zangu nikiwa nimesimama mlangoni, nikaondoka. Ndani, mbele kabisa karibu na televisheni, kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu alichochonga baba. Banda lingejaa mpaka watu wakae sakafuni, kile kigoda hakikaliwi. Nilidhani ni cha kuwekea redio. Marehemu alikuwa akiniambia, “Ingia basi, mdogo wangu, kaa.” Nami nikimjibu, “Mavuno yakiisha.” Mavuno yaliisha mengi.

Tarehe 22 Juni 1996 marehemu alifunga ndoa takatifu na Stefania, binti wa mzee Loth, mfanyabiashara wa dagaa. Wifi yangu huyu ni mtu wa maneno machache, na pengine ndiyo sababu nyumba ile ilikuwa na amani, maana mume alizungumza kwa wote wawili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Loth na Epifania.

Mwaka 2023 mwishoni sauti ya marehemu ilianza kukwaruza. Tukasema ni vumbi, tukampa tangawizi. Mwezi wa tatu mwaka 2024 alipimwa hospitali hapa mjini, akapewa rufaa kwenda Mbeya, na huko tukaambiwa ni uvimbe kooni na umekwenda mbali. Mwezi wa nane watu wake walikuja kama kawaida. Alisimulia mpaka darajani, sauti ikakata. Wale watu walimalizia wenyewe, yeye akiwaelekeza kwa fimbo. Mimi siku hiyo nilikuwa nyumbani kwangu na nilikuwa sina kazi. Nilikuwa nimekaa tu.

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake Jumanne tarehe 11 Machi 2025 asubuhi, akiwa amepakwa mafuta matakatifu, mkono wake mikononi mwa mkewe.

Jumatano mchana wakaja, Maximilian wa Namanyere mbele, wengine nyuma na ndoo zao. Wakaomba kuuweka ule mkanda hapo chini ya turubai. Nikasimama. “Nyie hamna haya? Huu ni msiba, tena Kwaresima!” Maximilian akavua kofia. “Shikamoo, mama. Hatujaja kucheza. Tumekuja kumsindikiza, na njia tunayoijua ni hii.” Nikafungua mdomo kuwafukuza, wifi Stefania akanishika kanga. “Wifi, waache. Na wewe kaa.”

Nikakaa. Nikaiona Mchota Maji kuanzia mwanzo. Watu walisimulia kwa pamoja, kwa sauti ya chini kama wanaosali, na wallahi mimi niliyekaa pale nimenuna nilijikuta namwonea huruma Adriano. Wakafika darajani. Zikaja chenga. Maximilian akasimama mbele ya televisheni, akasema, “Hapo ndipo anapotokea dada yao. Mvua inamnyeshea, hajali. Ana mwiko mkononi. Anawatazama hivi, kisha anawaambia…”

Na turubai zima, wanaume kwa wanawake, likaitikia: “Nyie! Kwanza mnawe, mle, mkishiba ndiyo mkauane!”

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Maneno hayo ni yangu. Niliyasema mlangoni pa banda miaka hiyo, vijana wawili walipokuwa wanagombania benchi na ugali wa kaka unapoa mezani. Niliyasema, nikayasahau. Nikamuuliza Maximilian, “Huyo dada mmemtoa wapi?”

“Marehemu alituambia ni dada wa Adriano, mama.”

Nikawageukia watu wa Katandala. Wote wakaangalia chini. Kumbe mtaa mzima ulijua, walikuwa wananiogopa. Na mimi, badala ya kukaa, nikasema maharage yanaungua, nikainuka nikaenda jikoni. Maharage hayakuwa yanaungua. Hayakuwa hata yamechemka.

Wifi akanifuata. Nikamwambia, “Mbona hukuniambia, Stefania?”

“Alinikataza. Alisema ukiambiwa utakuja kugomba. Alitaka uje ukae, ujione mwenyewe.”

“Na baada ya hapo kunakuwaje? Wakishanawa?”

Akanieleza akiwa anakoroga chungu. Adriano na Urbano wanaweka panga chini, wanakula. Dada yao hakai. Anasema ana kazi, anaondoka. Urbano anataka kukalia kigoda cha dada yao, Adriano anamzuia: “Usikikalie hicho. Atarudi.” Basi. Marehemu alikuwa akifika hapo anaweka mkono juu ya kile kigoda cha baba, kisha anafungua mlango watu waende. Watu hao walipanda basi kutoka Namanyere kila mwaka kuja kuona kama nimerudi. Na mimi nilikuwa nyumba ya tatu.

Marehemu ameacha mjane, Stefania, watoto wawili, Loth na Epifania, wajukuu watatu, kaka yake mkubwa, Adriano, aliyelichukua kwenye kipaimara lile jina lililokataliwa na kalenda, dada yake Lucia wa Mwimbi, na mimi Otilia. Ameacha pia watu wa ndoo. Nilitaka wasiandikwe kwenye wasifu huu, kwa kuwa si ndugu. Epifania akaniuliza, “Shangazi, kati yao na wewe nani aliikalia mpaka mwisho?” Wameandikwa.

Wote tunamshukuru padre, jumuiya, majirani, na madaktari wa hapa na wa Mbeya.

Nimalizie na lile deni. Mnanijua kwenye misiba. Udongo wa kwanza ukimwagwa, mimi nimeshafika kwenye masufuria nahesabu sahani. Leo chakula kipo chini ya jirani yetu Rozina, na wali ukiungua mtakula ulioungua. Loth ametoka nacho bandani kile kigoda cha baba, kipo hapa kando ya kaburi kwenye tope. Nikishakunja karatasi hii nitakikalia, na sitainuka mpaka msalaba usimikwe na shada la mwisho liwekwe. Sauti huna, kaka. Na mimi sitasema kitu.

Bwana akupe raha na mwanga usiozimika. Pumzika, Kalisti. Nakaa.