Meli Iliyopita Voi kwa Treni

Nje ya lango la stesheni ya zamani ya Voi kuna benchi la mataruma ya reli, na kila alasiri wazee watatu hukutana hapo kubishana. Leo Elijah, anayeitwa Mlima kwa sababu kwao ni Wundanyi, kule milimani, alifika na nia moja tu: kumzuia rafiki yake asihame. Rafiki mwenyewe ni Khaemba, fundi mstaafu wa reli, Kapteni wa kijiwe. Wanawe wamemjengea nyumba Kisumu, na Jumamosi anaenda kuiona aamue kama atahamia kabisa. Elijah roho ilikuwa ikimuuma, lakini utasemaje jambo kama hilo mbele ya watu? Akapokea kikombe kwa Musyimi, muuza kahawa wanayemwita Breki kwa kuwa mdomo wake hauna. Khaemba alikuwa ashaanza.

— Stesheni ni ya Kisumu, bwana! Reli inateremka mpaka kwa maji. Behewa linaingia ndani ya meli na mzigo wake, maana meli yenyewe ina reli tumboni. Likitoka, liko Uganda. Voi treni iliunganisha nini?

— Iliunganisha Taveta, alisema Elijah.

— Taveta kuna meli?

— Kuna Ziwa Chala.

— Meli, Mlima! Nimeuliza meli!

Elijah alipiga funda la haraka, likamchoma ulimi.

— Na hizo meli zenu za zamani zilifika Kisumu vipi? Ziliogelea? Zililetwa vipande vipande kwa treni kutoka Mombasa. Zikapita wapi? Hapa! Voi iliona meli kabla ya Kisumu.

— Hiyo nakubali, alisema Khaemba shingo upande.

— Kupita tu? Breki akadakia. Moja ililala hapa. Babu yangu alilinda nanga usiku kucha, ndovu wasiibebe.

— Ndovu afanye nini na nanga?

— Muulize ndovu.

— Mimi nilisikia walitaka kuiunganisha papa hapa, alisema Elijah, sasa hata yeye hajui anaelekea wapi. Vyuma vikashushwa, nati zikakazwa, bendera ikapandishwa.

— Ikakosa nini?

— Maji tu.

Khaemba alicheka mpaka kofia ikaanguka. Aliyeiokota ni msichana mmoja mwenye begi, Rita, aliyekuja hapo akidhani ndiyo stesheni ya treni ya siku hizi. Breki alikuwa amemwelekeza zamani, na kumpasha habari ya Kapteni kuhamia Kisumu, lakini utamu wa maneno ulimshika miguu.

— Samahani, mzee, alisema akimrudishia kofia. Huko Kisumu ukihamia, utabishana na nani?

Khaemba aliipangusa kofia vumbi, akaipangusa tena.

— Breki, ongeza kahawa.

— Imeisha, Kapteni.

— Basi kesho jaza birika. Hiyo meli yenu ya kukosa maji lazima niijibu.

— Na Jumamosi? aliuliza Elijah polepole.

— Jumamosi naenda kuona nyumba. Ni nzuri, wajukuu watakaa. Jumatatu nikute mtu amekalia nafasi yangu, mtanijua!

Elijah alifurahi asijue pa kuweka mikono, akainamisha kikombe kitupu mdomoni na kunywa.