Maisha ya Agatha Wiebe, Mtu Asiye na Haraka

Mchungaji, ndugu, majirani, na nyote mliofika kwenye baridi hii, mimi ni Justina, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, mimi huwa sichelewi.

Agatha Wiebe, binti wa marehemu Jakob na Anna Dueck, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 hapahapa Lindenfeld, kusini mwa Manitoba, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, na alizaliwa siku kumi na mbili baada ya siku aliyotarajiwa, jambo ambalo mama alilisimulia maisha yake yote kwa kicheko, wakati mimi niliyekuja mapema sikuwahi kusimuliwa na mtu.

Alianza shule ya kijiji Septemba 1955 na kumaliza darasa la nane Juni 1963, na katika miaka hiyo mimi ndiye niliyemshika mkono njiani, na mimi ndiye niliyeadhibiwa tulipochelewa, kwa kuwa mkubwa, ingawa aliyesimama kumshukuru mzee Klassen kwa kufunga mbwa wake tupite alikuwa yeye.

Mwaka 1964 aliajiriwa kwenye ghala la mayai la ushirika, na kuanzia 1978 hadi 2009 aliendesha basi la shule, miaka thelathini na mmoja bila ajali, akisubiri kila mtoto mpaka apate glovu yake, na siku alipostaafu watu walisimama kando ya barabara kwenye theluji kumpungia mikono, vizazi viwili. Mimi nilihudumu posta miaka thelathini na minne, sikufungua dirisha hata dakika moja baada ya saa mbili, nikapewa saa ya ukutani. Nasema haya kwa sababu nimesimama mbele za Mungu, na ni afadhali nikiri kuliko kujifanya: nilimwonea wivu mdogo wangu, tangu utoto mpaka juzi.

Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Cornelius Wiebe, ambaye yupo hapa kiti cha mbele na anaijua habari hii, kwamba majira ya baridi yaliyotangulia mtu alikuwa akifagia theluji kwenye ngazi za nyumba yetu kila Jumapili kabla hatujaamka, nami nilizikanyaga ngazi zile Jumapili tano nikiwahi kanisani bila kujiuliza lolote, na Jumapili ya sita Agatha akasimama na kuuliza, "Jamani, nani anatufagilia?" akafuata nyayo kwenye theluji, akavuka barabara kwenda kumshukuru Cornelius. Kumbe Cornelius alikuwa akifagia kwa ajili yangu. Aliniambia hivyo mwenyewe miaka mingi baadaye, akicheka, "Shemeji, wewe ulipita kama moto wa nyika, ningekushikia wapi?" Nami niliolewa mwaka 1972 na marehemu Abram, mtu mwema, sitaki maneno.

Mungu aliwajalia Agatha na Cornelius watoto watatu, Lorna, Galen na Ruth, na wajukuu saba.

Wengi mnamkumbuka kwa kile kipindi cha shukrani na maombi, baada ya mahubiri, maikrofoni inapopitishwa kutoka benchi hadi benchi. Kila Jumapili Agatha alisimama na kumtaja mtu: dereva wa greda la kusukuma theluji barabarani, aliyeinua koleo la greda alipopita mbele ya lango la Agatha ili asimwachie ukuta wa theluji, muuzaji wa duka la vyuma aliyemfuata mpaka kwenye gari na skrubu moja iliyoanguka. Mzee mmoja alipomuuliza kama hayo ni mambo ya kuletwa mbele za Bwana, alimjibu kwa wakoma kumi waliotakaswa, kwamba wale tisa wasiorudi kushukuru hawakuwa watu wabaya, walikuwa na haraka tu.

Saa ya kipindi hicho mimi nilikuwa chini, katika jiko la kanisa, nikiandaa kahawa ya watu mia mbili, kazi niliyoifanya peke yangu tangu 1988. Watu waliposhuka nilisikia Agatha kamtaja fulani, Agatha kamtaja fulani, wala sikusikia jina langu hata siku moja, mimi niliyempikia alipojifungua, niliyemshonea mapazia, na wivu ukakaa ndani yangu kama mwiba ambao mtu ameuzoea.

Tarehe 20 Agosti mwaka huu madaktari waligundua saratani ya kongosho, nami nikampeleka hospitali Winnipeg mara kumi na moja. Tarehe 20 Oktoba alikuja kanisani kwa mara ya mwisho, na watu waliposhuka walisema kamshukuru nesi aliyempashia blanketi. Nesi! Nilifunga jiko, nikaenda nyumbani, na kwa siku tisa sikukanyaga kwake, nikamwachia jirani yetu Elma Reimer kazi ya kumpeleka. Siku ya kumi nilirudi, alikuwa hawezi tena kusema, akanishika mkono wa koti na hakuachia mpaka alasiri. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, saa nne asubuhi.

Jumatano tulikuwa jikoni humu kanisani na Elma tukikanda mikate ya leo, nikamwambia yote, hata la nesi. Elma akaacha kukanda.

"Shangazi, kwani spika ya humu jikoni mbovu?"

Nikamwambia ile spika inayotuletea sauti za ibada ni nzima, ila huwa naizima, inanipotezea hesabu ya vikombe.

"Ee Mungu wangu. Sisi tulijua unasikia! Tukasema huyu mama ana unyenyekevu, anatajwa hivi na wala hatingishiki."

Akaniambia kwamba ile Jumapili ya mwisho Agatha alisimama mara mbili, ya kwanza kwa nesi, ya pili kwangu, akishikilia benchi, akasema, "Dada yangu anaendesha kama anafukuza mwizi, lakini tukifika anatia mkono wake kwapani uote moto kwanza, ndipo anishike." Sikujua kama nafanya hivyo. Elma hakuweza kuhesabu ni mara ngapi nimetajwa humu ndani tangu 1988, na kila mara Agatha alishuka, akachukua kikombe kutoka kwangu, akanitazama, akingoja nami niseme neno.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa Winnipeg, na yule wa blanketi hasa, majirani walioleta vyakula, madereva wenzake wa mabasi, dereva wa greda aliyeifungua njia ya makaburini alfajiri ya leo bila kuombwa, na Elma. Kina mama mlio chini, najua mnanisikia, zimeni moto mpande juu mkae na sisi, kahawa itachelewa.

Agatha, mdogo wangu, nimesikia. Pumzika kwa amani ya Bwana.