Miezi Mitano ya Ndugu Damari Stoo

Tarehe 30 Juni 1976 Ndugu Damari Petro atafunga kwa mara ya mwisho dirisha la mapokezi la hospitali yetu, baada ya kulifungua kila asubuhi kwa miaka ishirini na mitano. Kila asubuhi, isipokuwa miezi mitano ya mwaka 1968. Najua wasemaji wengine wa sherehe hii watairuka miezi hiyo kwa adabu, ndiyo maana nimeomba niiandike mimi. Mwenyewe ameniruhusu.

Alitoka Ilongero akaanza kazi tarehe 1 Julai 1951. Amefanya kazi chini ya wakuu saba, na wote wameondoka wakiamini kwamba wao ndio walioiendesha hospitali. Mgonjwa wa kweli na mtoro wa shamba la kijiji aliwatofautisha kwa kikohozi tu, kabla hawajafika dirishani.

Mwaka 1968, akiwa na miaka arobaini na miwili na watoto wanne, alianza kutokwa na chunusi. Zilikuwa nene, zenye maumivu, zimejipanga kidevuni na kwenye taya. Hospitali nzima ikajitupa kazini. Mkuu alimtazama kutoka upande wa pili wa meza akasema, "Mama, hizo ni za wasichana. Zitaona aibu, zitaondoka zenyewe." Muuguzi mkuu, Felista, alimkataza karanga, kisha mayai, kisha hasira. Mimi, Urbano, mtoa dawa, nilimpa dawa ya upele ya kupaka mwili mzima. Ilipomchoma bila kumponya, nikampa chupa kubwa zaidi.

Alipochoka nasi alikwenda dukani kwa Chhotalal kununua krimu ya kung'arisha uso iliyokuwa ikisifiwa mji mzima. Lalita, mke wa mwenye duka, hakuitoa kabatini.

"Dada, mimi naiuza," alisema, "lakini siipaki hata kisiginoni."

Ndiye aliyemweleza kuhusu Daktari Bhanu, mama aliyesomea magonjwa ya ngozi, ambaye alifika Ihanja kila Jumanne ya kwanza ya mwezi kuwaona wenye ukoma. Sisi watu wa hospitali tulijua siku zote kwamba yupo. Haikutujia kwamba anayetibu ukoma anaweza kujua na ngozi nyingine.

Ndugu Damari alipanda lori hadi Ihanja. Alipoiona foleni alisimama mbali, kanga imemfunika uso, akakaribia kugeuza. Mzee mmoja asiye na vidole akasogea kwenye benchi.

"Kaa, mwanangu. Hatuumi."

Akamwamkia, akakaa.

Daktari Bhanu alimsogeza penye mwanga na kumpapasa taya kwa vidole vyake. Katika miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemgusa.

"Zinazidi siku gani za mwezi?"

"Wiki moja kabla ya damu. Na siku hizi damu yenyewe inakuja ikipenda."

"Hospitali hawajakuuliza hivyo?"

"Mimi nafanya kazi hospitali."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Kisha akamweleza polepole: katika umri ule homoni za mwili huyumba, na ngozi ya wengine hupokea vurugu hiyo namna ile. Si uchafu, si karanga. Alimwandikia vidonge vya tetrasaiklini kwa miezi kadhaa, akamwonya asiimeze pamoja na maziwa, na dawa ya salfa ya kupaka jioni. Asizikamue. "Wiki sita za kwanza hutaona kitu," alisema. "Usinikimbie."

Kumbe kuna mwenzetu alimwona kwenye benchi lile. Kufikia Alhamisi tulikuwa tumeamua kwamba ana ukoma. Watu wenye vyeti vya uuguzi wakatenga kikombe chake. Mkuu aliitisha kikao, akahutubia saa nzima juu ya usawa wa binadamu wote, halafu akamhamishia stoo ya mafaili, nyuma ya jengo la kufulia. Hakuna aliyekwenda kumsalimu. Chakula chake alikula peke yake.

Cheti cha Daktari Bhanu kililetwa kwangu. Kiliandikwa chunusi, kwa herufi ambazo hata mimi nilizisoma. Nilimhesabia vidonge kila mwezi, nikavisukuma kwenye kaunta, nikanyamaza. Kusema kungenilazimu kueleza na ile dawa ya upele.

Mwezi wa tano uso ulikuwa umetulia, yamebaki madoa tu. Alimwendea Mkuu na barua ya Daktari Bhanu, ya mistari miwili: "Huyu hana ukoma, wala hajawahi kuwa nao. Mngemuuliza." Mkuu aliisoma mara tatu. Kesho yake dirisha lilifunguliwa na mwenyewe.

Hakugombana na mtu. Alimwandikia Daktari Bhanu barua mpaka akakubali kupita na kwetu. Tangu mwaka 1969 tuna siku ya ngozi, wenye ukoma na wenye chunusi benchi moja. Kila mwanamke anayefika kafunika kidevu huulizwa kwa sauti ya chini swali lile la siku za mwezi, kisha huambiwa asubiri daktari, na kwa vyovyote asipite kwa Urbano.

Sasa anakwenda Unyambwa kulima alizeti. Ndugu Damari, hospitali inakushukuru, nasi tunakuombea afya, mvua za kutosha na majirani wenye akili kutuzidi. Kwa upande wangu kuna neno nililopaswa kulisema mwaka 1968, mbele ya watu hawa hawa. Nilijua, na nilinyamaza. Nisamehe.

Urbano, chumba cha dawa