Anayegonga Upande wa Pili

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi la mbao lililoegemezwa ukutani, nje ya karakana ya Ma Deok-su, katika kichochoro kimoja cha Euljiro, Seoul. Kichochoro kilikuwa chembamba hata mkokoteni wa vyuma ukipita, waliokaa lazima wakunje miguu. Deok-su alikuwa amekereza vyuma miaka thelathini na nane, na alijisifu kwamba hakosei hata unene wa unywele, ndiyo maana wakamwita Unywele, ingawa kichwani hakubaki nao hata mmoja. Wenzake wa benchi walikuwa wawili: Bae Sang-muk, msuka mota, aliyeitwa Waya, na Ok Chun-sik, mkata herufi za mabango ya maduka, aliyeitwa Herufi. Kila siku saa kumi jioni Dada Hwang alifika na birika lake alilolifunga kitambaa cha waridi, akawamiminia kahawa ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi, na ubishi ukaanza.

Siku za Alhamisi ubishi ulihusu redio. Redio ya Deok-su ilikaa dirishani, na tangu Herufi aiangushe, kitufe chake cha kutafutia stesheni kilikuwa kimekwama. Ilishika stesheni moja tu, ndogo, iliyorusha matangazo kutoka juu ya paa la jengo lililokuwa mwisho wa kichochoro. Alhamisi saa kumi kulikuwa na kipindi kilichoitwa Saa ya Sauti Zisizo na Kwao. Mtangazaji alikuwa mwanamke, Tak Ha-ram, mwenye sauti ya chini kama ya mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Alipiga muziki uliotengenezwa kwa mitambo, usiojulikana ni wa ngoma gani. Bibi mmoja aliimba kilio cha zamani, na chini yake kitu kilinguruma kama jokofu bovu. Upatu wa harusi ulipunguzwa kasi hadi ukawa upepo ndani ya bomba. Mara ikaja midundo ya kuchezeka, lakini ya mbali, kama watu wanaocheza chini ya kisima.

Mwanzoni Herufi alitaka kuitupa redio. Waya alisema sauti zile anazijua, ni mota zinazoungua, na hawezi kukaa kazini kutwa nzima kisha aletewe kazi tena kwenye kahawa. Aliyewabadilisha alikuwa Deok-su. Alhamisi moja alitega sikio, akasema hiyo si ngoma, ni keekee inatoboa shaba nyeupe, tena keekee butu. Muziki ulipokwisha Tak Ha-ram akasema hivyo hivyo. Tangu hapo wakawa hawakosi. Walibishana kutambua kila mlio ulikotoka, na anayekosea alivikusanya vikombe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi Alhamisi ya kwanza ya mvua za Juni. Siku hiyo kipindi kilifungua na uvumi mzito, halafu ndani ya uvumi ule kukatokea kitu kinagonga. Mara tatu. Kikanyamaza. Mara mbili. Kisha ukaja ukimya mrefu, uvumi wenyewe ukishuka kana kwamba nao unasikiliza, halafu tena: tatu, mbili, kimya.

Hakuna aliyekisia. Dada Hwang alikuwa akimmiminia Waya, na kahawa ikajaa ikamwagika kwenye suruali yake, na Waya hakusogea.

Wote wanne waliujua ule mlio. Ulikuwa wa Guk Jong-pil, mfua mabati aliyeitwa Mabati, mtu wa nne wa benchi lile, ambaye karakana yake ilipakana na ya Deok-su kwa ukuta mmoja. Miaka ishirini, kila Dada Hwang alipoingia kichochoroni, Jong-pil aliyekuwa karibu na mlango wa kichochoro alimwona kwanza, akaugonga ukuta kwa nyundo, tatu na mbili, na Deok-su akajibu kwa spana, mbili tu, maana yake nimesikia, nakuja. Jong-pil alikufa majira ya baridi ya mwaka juzi, peke yake, chini ya meza yake ya kazi. Masika yaliyofuata karakana yake ilibomolewa pamoja na nyingine kumi na moja za upande ule. Pakabaki shimo, likazungushiwa uzio wa mabati ya kijani unaompita mtu kimo.

Wiki ya pili ukapigwa tena. Wiki ya tatu pia, na safari hii ulikaa dakika nzima, na ukimya wa katikati ukawa mrefu zaidi. Deok-su alikuwa akipoteza usingizi. Mchana alikosea vipimo, jambo lisilomtokea, na mara mbili aliizima mashine yake katikati ya kazi, akasimama tu.

Wiki ya nne kijiwe kiliamua kulijadili. Mvua ilikuwa nyembamba, turubai limeshushwa juu ya benchi, redio ikivuma dirishani, na ndani mashine ya Deok-su ikizunguka polepole bila kazi.

Herufi alianza kwa upole. Alisema hakuna cha ajabu, marehemu alirekodiwa na mtu zamani, na yule mtangazaji ameokota kanda.

— Nani alimrekodi Mabati? — Waya akauliza. — Hata picha ya kitambulisho alipigwa kwa kulazimishwa.

Waya alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kichochoro hiki, alisema, kina shaba kuliko kilivyo na watu. Shaba iko ukutani, iko chini, iko kwenye kila mota aliyoisuka. Miaka ishirini ya nyundo haiendi bure, imeingia humo ikazunguka. Mvua ikilowesha kuta, inatoka.

Dada Hwang alisema ninyi wanaume mnazungushazunguka. Binti wa marehemu alihamia Kanada, siku ya kumbukumbu ya kifo imepita mara mbili na hakuna aliyemwandalia meza ya vyakula vya marehemu. Mtu aliyezoea kahawa saa kumi, asipopewa, ataiomba.

— Basi mimi niseme — akasema Herufi, ambaye sasa upole ulikuwa umemtoka. — Mimi ndiye niliyemkuta. Nilimwona miguu tu chini ya meza, nikakimbia kuita msaada. Niliporudi, wale wa gari la wagonjwa walishamfunika. Kuna aliyemwona uso?

Hakuna aliyemwona.

— Kwa hiyo unasema yuko hai? — Dada Hwang akauliza.

— Nasema niliona viatu.

Waya alikizungusha kikombe chake mkononi. Alisema na yeye ana jambo ambalo amekuwa akilifikiria, na wasimcheke. Alisema, wenzangu, sisi tuna uhakika gani kwamba zilizobomolewa ni zile za upande wa kule? Labda ni huku. Labda yeye yuko zake anafua mabati, kahawa imefika, anatugongea, na anashangaa mbona hawa hawajibu.

Hapo hata mzaha ulikufa. Herufi aliangalia viganja vyake. Redioni, kana kwamba ilisubiri zamu yake, mlio ukaanza: tatu, mbili. Ukimya ule ukafuata, na Deok-su, ambaye wiki zote nne hakuwa ametia neno, akaanza kusema.

Aliwakumbusha jinsi walivyoapa wote kutosaini karatasi za kuhama, na jinsi Jong-pil alivyosaini kwa siri, wa kwanza. Deok-su alipojua hakumtukana, aliacha tu kuujibu ukuta. Miezi mitatu Jong-pil aligonga kila saa kumi, na miezi mitatu Deok-su alikaa kimya, akatoka kunywa kahawa yake akimgeuzia mgongo. Kwamba mwenzake alisaini kwa sababu kifua kilishamshinda na hakutaka kuhurumiwa, hilo walilijua wote, lakini baada ya mazishi.

— Siku aliyokufa aligonga — Deok-su akasema. — Haikuwa saa kumi. Ilikuwa saa saba mchana.

Wakamtazama.

— Tatu, mbili. Nikanyamaza. Baadaye tena, polepole. Nikajua hii si ya kahawa. Nilijua, jamani. Nikaiongeza mashine mwendo nisisikie.

Dada Hwang aliweka birika chini, akamshika Deok-su bega, na mkono wake ukabaki pale. Hakuna aliyemwambia kwamba haikuwa kosa lake, kwa sababu wote walikuwa watu wazima, na waliipiga hesabu ile ya saa saba hadi saa kumi alipokutwa.

Ndipo akaja mwanamke mwenye koti la mvua, mkoba begani, akawainamia kuwaamkia. Akaomba radhi kwa kuwakatiza, akauliza kama hapa ndipo kwa fundi Ma.

Waya alikuwa wa kwanza kugeuka kuitazama redio. Sauti iliyowaamkia ndiyo ile ile iliyokuwa ikisema dirishani wakati huo huo, ikieleza habari ya kipande kinachofuata. Yule mwanamke akatabasamu kwa aibu, akasema kipindi cha leo alikirekodi Jumanne. Yeye ndiye Tak Ha-ram.

Akamwambia Deok-su kwamba waliwahi kuonana. Mwezi Mei alikuja karakanani amevaa barakoa, mashine ikinguruma, akaonyesha kwa ishara kifaa chake cha kunasa sauti, naye akamruhusu kwa kichwa. Deok-su alikumbuka. Alimdhania mkaguzi wa umeme. Alizima mashine, akatoka kunywa kahawa, akamwacha ndani.

— Nilikibandika kifaa kwenye ule ukuta wa pembeni — Ha-ram akasema. — Nilitaka mtetemo wa kichochoro tu. Lakini nilipokibandika, fundi wa upande wa pili akaanza kugonga. Nilidhani amenisikia.

— Mwezi Mei — akasema Herufi. — Mei ya mwaka huu?

— Ndiyo. Watu wanaandika kuulizia kipande kile kuliko vyote nilivyowahi kupiga. Nami nimekitumia bila hata kumwomba ruhusa. Nimezunguka kutafuta mlango wake, siuoni.

Waya aliinuka, akamwongoza hatua chache hadi pale mabati mawili ya uzio yalipoachana. Ha-ram akachungulia. Alikaa hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuliona shimo lenye maji ya mvua. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, lakini hakukimbia wala hakusema wanamtania. Alikuwa mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza. Akatoa kile kifaa mkobani, chembamba kama sarafu, na waya wake, akakishika kwa mikono miwili.

— Anaitwa nani? — akauliza.

— Guk Jong-pil — Deok-su akajibu. Hakuwa amelitaja jina hilo kwa sauti miaka miwili. — Alikuwa ananiita mimi.

Ha-ram akaliangalia dirisha, na nyuma ya dirisha ule ukuta wenye madoa ya mafuta. Akaipunguza redio mpaka ikanyamaza, akauliza kwa adabu, kama anayeulizia mwenye nyumba:

— Leo yupo?

Mvua ilisikika juu ya turubai. Ndani, mashine ya kukereza ilikuwa bado inazunguka, na Deok-su akainuka benchini, akaingia, akaizima. Akasubiri ule mzunguko wa mwisho ufe kabisa. Kisha akaokota spana mezani, akasogea hadi ukutani, akasimama hapo akisikiliza.