Kura Moja Iliyompungukia Tatay Garyo

Padri, ndugu waombolezaji, majirani wa Ng'ambo ya Kijito na ninyi mliotoka Villa Amparo, kabla sijasoma alikozaliwa naomba nianze na sauti, sauti ya Mwalimu Soledad akisoma kura usiku wa tarehe 30 Oktoba 2023, saa tano na robo, katika darasa la tatu la shule yetu, sauti imeshakauka, anasoma jina moja moja na mwenzake anachora vijiti kwenye karatasi ukutani, nami nimesimama dirishani na mwanangu amelala begani, sauti hiyo bado naisikia, nitawaambia kwa nini, lakini kwanza nifuate utaratibu, nisije nikaogopa nikakaa chini.

Mimi ni Analyn, mkamwana wa marehemu, mke wa Rodel, na familia imenipa kazi hii kwa sababu nimeishi naye nyumba moja miaka mitano na siku zake za mwisho nilikuwa naye.

Leodegario Magsumbol, ambaye wote tulimwita Tatay Garyo, yaani Baba Garyo, alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1955 katika kisiwa cha Sibuyan, mkoa wa Romblon, mtoto wa nne wa mzee Hilario na mama Bibiana, wote wametangulia. Alianza shule ya msingi kijijini kwao mwaka 1962 akamaliza 1968, akaingia sekondari, akaishia kidato cha pili mwaka 1970 kwa sababu kimbunga kiliondoka na paa la nyumba na minazi ya baba yake, na mwaka uliofuata akapanda meli kuja Manila na mjomba wake, ana miaka kumi na sita na brashi mbili mfukoni.

Alifanya kazi ya kuchora mabango tangu mwaka 1971, akaanza na mabango ya sinema, baadaye majina ya mabasi madogo ya jeepney, baadaye maduka, na kila uchaguzi ulipofika alichora majina ya wagombea kwenye kuta za kata yetu ya Sapang Dilaw, wa upande huu na wa upande ule, mpaka mashine za kuchapa zilipokuja zikamnyang'anya kazi, na hata hapo hakulalamika, alisema, "Mashine haijui kunyoosha mstari kwenye ukuta uliopinda, wataniita tu." Hawakumwita sana.

Alifunga ndoa na Felicitas Dimaandal, Nanay Pitang, yaani Mama Pitang, tarehe 17 Mei 1980, wakajaliwa watoto watatu, Marilou ambaye amekuja kutoka Dubai na yuko hapa mbele, Edgardo, na Rodel wangu ambaye ni mpishi melini na mpaka asubuhi hii meli yake haijafika bandarini. Walihamia Ng'ambo ya Kijito mwaka 1986, na mwaka 1994 Villa Amparo, mtaa wa wenye nacho uliozungushiwa ukuta na mageti, ikajengwa kati yetu na barabara kuu, na tangu hapo njia yetu ya gari ikawa inapita kwenye geti lao la nyuma, ambalo hufungwa saa nne usiku. Nanay Pitang alifariki tarehe 8 Agosti 2011, saa saba usiku, akiwa kwenye pikipiki ya magurudumu matatu mbele ya geti hilo hilo, mlinzi akitafuta mwenye ufunguo.

Ndiyo maana aligombea udiwani, sikilizeni, wapo waliosema anatafuta ukubwa uzeeni, hakutafuta ukubwa. Kata yetu ina madiwani saba, na wote saba, miaka yote, wametoka ndani ya mageti, Ng'ambo tuna wapigakura lakini hatujawahi kuwa na mtu wa kunyanyua mkono mezani aseme geti lisifungwe. Alipita nyumba kwa nyumba na ndala zake, vijana wa Kapteni Cuevas, mkuu wa kata yetu, wakimkejeli, "Mzee, umechora mabango mpaka unataka kukaa ndani ya bango?" naye anawajibu, "Miaka hamsini nimeandika majina ya baba zenu, siku moja tu naomba mama zenu waandike langu!" na watu wanacheka, na kweli kura za kata huandikwa kwa mkono, majina saba, kwa hiyo aliwafundisha hata bibi zetu kuliandika.

Sasa nafika mahali pangu. Mwanangu Tintin alizaliwa tarehe 9 Machi 2021, na kifua chake ninyi mnakijua, usiku anavuta pumzi kama mtu anayepuliza kwenye chupa, na mashine ya mvuke wa dawa ya kupumulia ya zahanati ya kata ilikuwa moja, na aliyenikopesha ni Mama Puring, mhudumu wa afya, ambaye pia ndiye aliyewapangia watu wa Kapteni kura za upande wetu. Mama Puring, najua umekaa pale karibu na feni, sikutaji kwa chuki, ulikuwa unampenda Tintin na mimi najua. Siku mbili kabla ya uchaguzi alikuja jikoni akaniambia, "Binti, mashine ni moja na wenye vifua ni wengi, usinifanye nichague," akaniachia kijikaratasi chenye majina saba ya kundi la Kapteni, yamepangwa kwa namna yake, wa nne anaanza, halafu wa saba, halafu wa kwanza, akasema, "Uyaandike hivyo hivyo, usiruke, yakisomwa tutajua ni wewe."

Sikulala. Kijikaratasi nilikificha chini ya chupa ya chai. Nilijiambia kura moja ni nini, mzee anapendwa, Ng'ambo nzima inamwandikia, kura yangu moja itazama kama punje ya chumvi kwenye sufuria ya mchuzi, na asubuhi ile nikaenda, nikaandika wa nne, wa saba, wa kwanza, mpaka wakatimia saba, na jina la baba mkwe wangu sikuliandika.

Usiku ule wa hesabu yeye alisimama ndani ya darasa karibu na kamba, wagombea wengine wamechoka wanapiga miayo, na Mwalimu Soledad akafungua karatasi akasoma jina la wa nne, akasoma la wa saba, akasoma la wa kwanza, na mimi pale dirishani nikamvuta mtoto karibu na shingo. Tatay Garyo akageuka. Hakugeuka kwa watu wa Kapteni, aligeuka dirishani, akaniangalia, akamwangalia mtoto begani, halafu akarudisha macho ukutani. Hesabu ilipokwisha, kiti cha saba yeye na Benjie Olarte walikuwa sawa, kura 611 kwa 611, na Olarte alikuwa mmoja wa wale saba niliowaandika. Alipotoka nje aliniambia neno moja tu, "Twende, mtoto atapata baridi."

Sheria inasema walio sawa wapige kura ya bahati, basi kesho yake mchana, ukumbi wa kata, wakaweka vikaratasi viwili ndani ya kopo la biskuti, kimoja kimeandikwa kingine kitupu, Tatay Garyo akafanya ishara ya msalaba akaingiza mkono, akatoa kitupu. Watu wa Ng'ambo walilia, yeye akakinyanyua juu akasema, "Safi kabisa hiki, nimepewa mahali pa kuchora!" na wote mkacheka, mimi sikucheka. Alikikunja akakitia kwenye pochi, na leo nimemwekea kwenye mfuko wa shati, mtakapopita kumuaga mtaona ncha yake.

Kuhusu ugonjwa wake, alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2016, akitumia dawa. Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa tano kasoro usiku, aliangusha kikombe, mdomo ukavutika upande, jirani yetu Delfino akawasha pikipiki yake ya magurudumu matatu, tukafika geti la nyuma limefungwa, ufunguo uko kwa katibu wa Villa Amparo naye amesafiri, tukazunguka kwa njia ya juu kupitia darajani, dakika arobaini na tano, mimi nimeshika kichwa chake. Daktari alituuliza kwa upole kwa nini tumechelewa.

Alilazwa siku kumi na moja. Siku ya sita sauti ilirudi kidogo, nusu ya mdomo, nikajua nisipomwambia sasa sitamwambia tena, nikaanza, "Tay, ile kura..." akanikatiza, akasema, na nayasema kama alivyoyasema, "Karatasi niliiona chini ya chupa ya chai asubuhi ile, nikaisikia ikisomwa, ningekuwa mimi ndiye mama yake ningeandika hivyo hivyo, nyamaza, usimwambie mtu, mtoto asije akakua akijua ilikuwa ni kwa pumzi zake." Nikamwahidi. Alifariki Jumatatu tarehe 17 Februari 2025, saa kumi alfajiri, akiwa na miaka sitini na tisa, ameacha watoto watatu na wajukuu wanne.

Nimevunja ahadi yangu mbele ya jeneza lake, kwa sababu siku zote tisa za msiba ninyi mmecheza karata na kunywa kahawa pale nje mkisema ilikuwa bahati mbaya ya kopo la biskuti, na mimi ndiye niliyekuwa nawamiminia kahawa. Haikuwa kopo. Mashine nimeirudisha zahanati leo asubuhi, nimeifuta vizuri, mwingine aitumie, ya Tintin baba yake ataleta akifika, na akichelewa nitabisha hodi kwenu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hawakumchoka, inamshukuru Delfino na pikipiki yake, wachora mabango wenzake watatu waliobaki, Mwalimu Soledad, Diwani Olarte aliyekuja kukesha nasi siku mbili bila kuambatana na mtu, Mama Puring kwa miaka aliyomhudumia mtoto, na mlinzi kijana wa geti la nyuma aliyelia. Mila yetu hairuhusu mfiwa kumsindikiza mgeni, msione tumewapuuza mlipoondoka peke yenu. Nasikia saa nane leo geti litafunguliwa wazi ili gari la jeneza lipite, nawashukuru pia kwa hilo, na naomba mtu mwenye mkono wa kunyanyua mezani aulize kwa nini lifungwe tena.

Tatay, lala sasa, mstari wako umenyooka mpaka mwisho, pumzika kwa amani mahali pasipo geti. Tintin nimemwacha kwa mke wa Delfino ili asisikie haya, nawaomba mliosikia mkae nayo, yasimfikie, na mimi naahidi mbele yako, Tatay, hawa waliosikia ndio wa kwanza na wa mwisho, sitamwambia mtu mwingine yeyote.