Kijiko cha Redempta

Fungeni mlango, na hao majirani waliojaa uani waambieni mzee bado anapumua, wanywe togwa yao wasubiri. Gabriel, kaa hapa ninapokuona. Josefina binti yangu, hicho kilio kiweke, hujafiwa bado. Na wewe Redempta, mkwe wangu, usisimame mlangoni na tumbo hilo, vuta kigoda ukae karibu na kichwa changu, maana maneno ya leo ni yako kuliko ya hawa niliowazaa, na nikizimika kabla sijayamaliza sitapata raha huko niendako.

Tangu jana asubuhi nyonga hainiumi tena. Imevunjika, najua, na kichwa kimepasuka pale kilipopiga kizingiti, lakini kilichonimaliza ni maswali ya yule nesi Epifania. Mlikuwepo wote. Alikuja kunifunga kidonda, akaona vidonge vyangu, vyeupe na vya buluu, na pembeni unga wake kwenye kisahani, akauliza nani anavisaga. Redempta akajibu kwa adabu zake zile zile, "Ni mimi, nesi. Navisaga kwenye jiwe, natia kwenye uji wa baba, naonja kijiko kimoja, kisha nampa." Nesi akakaa chini bila kukaribishwa. Mtu aliyezoea damu na maiti, akauliza kwa sauti ndogo, "Unaonja? Na hiyo mimba ina miezi mingapi?" Saba! Jamani, nimeshuhudia njaa, nimemzika mama yenu Kristiana kwa mikono yangu, lakini sijawahi kushtuka namna ile.

Sikieni ugonjwa wenyewe, maana niliwaficha. Niliwaambia ni mgongo. Uongo mtupu. Ni tezi dume, limevimba likabana njia ya mkojo, nikawa nasimama chooni mpaka rozari nzima inaisha, natoka na matone matatu. Gabriel uliponipeleka Mbeya nilikuacha kwenye benchi nje, kwa sababu ningevuaje suruali mbele ya mwanangu? Daktari akanieleza peke yangu, taratibu, kwa Kiswahili safi. Akasema si saratani, akasema nitatumia dawa mbili pamoja, cheupe cha kulegeza njia ya mkojo na cha buluu cha kupunguza uvimbe polepole, miezi kadhaa. Akanionya nivimeze vizima kwa maji, cheupe ninapokwenda kulala kwa kuwa kinashusha presha, na nikiamka nikae kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo nisimame. Akanionya nikikatiza siku kadhaa nisirudi kwa kishindo, nirudi kwake tuanze upya kidogo kidogo. Na mwisho akasema, mwanamke mwenye mimba asiguse kile cha buluu kikiwa kimevunjika. Nilisikia, wanangu. Kwa masikio haya. Nikacheka moyoni, kwangu kuna mwenye mimba gani? Maana ilikuwa Pasaka, na Redempta hakuwa na kitu tumboni. Yote hayo aliniandikia kwenye karatasi, na karatasi hiyo nilipofika hapa Izia niliitia jikoni ikaungua, ili mtu asije akasoma kwamba Alois ana ugonjwa wa huko chini.

Mnajiuliza kwa nini basi nilitaka visagwe. Kidonge kizima hakionjeki, ndiyo sababu. Mnajua desturi yetu, anayekupa pombe huinywa kwanza mbele yako, ndipo nawe unapokea kwa moyo mweupe. Mimi tangu ndugu yangu Benjamini afe siku mbili baada ya kunywa pombe ya harusi kule Matai, sijawahi kutia kitu kinywani bila aliyenipa kukionja, hata maji. Mama yenu alinicheka miaka yote, akionja huku akinikonyeza. Basi hii dawa nayo nikataka ionjwe.

Na sasa nasema lile gumu. Gabriel, usinitazame hivyo, tazama chini nimalize. Dawa uliinunua wewe, kwenye duka la dawa mjini, ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya kaki. Na mwaka ule wote tulikuwa tunagombana, wewe unataka kiwanja cha barabarani tukiuze ununue lori, unasema siku hizi biashara ni ruksa, wenzako wote wanapeleka mahindi Zambia, na mimi nakuita mlafi mbele za watu. Nikawaza, huyu anataka niondoke mapema. Nikawaza, lakini hawezi kumuua mkewe mwenyewe. Ndiyo maana sikumchagua Josefina aonje, nikamchagua Redempta. Nilimweka mkeo mbele yangu kama ngao, mwanangu, na dawa ilikuwa safi, na wewe ulikuwa safi, uliyekuwa na sumu ni mimi.

Loo, nipeni maji niloweshe midomo.

Redempta alipoanza kupata kizunguzungu nilisema ni mvivu. Alipoanguka na ndoo pale kisimani nilisema anadeka, na Josefina ukaitikia, usikatae. Kumbe kijiko kile cha kila asubuhi, na daktari alisema usiku, kilikuwa kinamshusha presha, naye hakusema neno, akaendelea kusaga, akaendelea kuonja. Mama yangu! Mtoto wa watu! Ana mabinti wawili, na sote hapa tumekuwa tunamuuliza wa kiume atakuja lini, na nesi anatuambia kwamba akiwa ndiye wa kiume, anaweza kuzaliwa sehemu zake za siri hazijakamilika. Anaweza, hakusema lazima. Lakini nilishaonywa. Ningekuwa mjinga nisiyejua, ningelala usingizi.

Na hiki kifo changu msikitafutie mchawi, nawakataza kabisa. Nilikaa Matai siku tano kwenye msiba, dawa niliiacha, nikaona aibu kuimeza mbele za watu. Niliporudi nikataka kufidia zile siku zote kwa mara moja. Nikataka kumwambia Redempta asage vya siku tano. Namshukuru Mungu siku hiyo alikuwa kliniki, nikavisaga mwenyewe, nikanywa na kata ya pombe juu yake, kisha nikainuka kwa haraka kumfukuza mbuzi. Kizunguzungu kikaniangusha, hata mlango sikuuona.

Basi shikeni haya. Gabriel, kiwanja cha barabarani ni chako, uza ukitaka, na unisamehe. Josefina, chukua nyumba hii na ng'ombe wa jembe, lakini kwanza umwombe wifi yako radhi. Shamba la Pito, lote, pamoja na bonde la ulezi, ni la huyu aliye tumboni, awe wa kiume, awe wa kike, awe ambaye wakunga watamtazama wakanyamaza. Sikia, Gabriel. Akizaliwa na kasoro yoyote, kasoro hiyo ni yangu, jina langu litajwe, na atakayemnyooshea Redempta kidole au kutaka arudishwe kwao, huyo asije kwenye kaburi langu. Redempta asizalie nyumbani. Azalie hospitali, na awaambie waganga wote kitu alichokula, asifiche, maana kuficha ndiko kulikotufikisha hapa.

Mboje naye, mwenzangu wa ng'ombe, anateseka na ugonjwa huu huu, aliniomba nimpe nusu ya vidonge vyangu. Msimpe. Naye anatumia dawa ya presha, vitamwangusha. Mwambieni aende kwa daktari aseme kila kitu anachomeza, na asione haya. Vilivyobaki mpelekeeni nesi. Redempta usivibebe wewe.

Hiyo ni pikapu? Ehe. Sikilizeni. Redempta akae mbele na dereva, aende akapimwe leo hii. Mimi nilazeni nyuma kwenye majani, nikifika nimefika. Msibishane nami... sina pumzi ya kubishana.

Umerudi kutoka jikoni, Redempta? Ni uji huo? Wa ulezi? Hauna kitu?... Ngoja, mwanangu. Shusha kijiko. Nimesema shusha, usionje.

Lete hivyo hivyo. Ninywesheni.

Mungu akubariki wewe na huyo... apokelewe mikononi mwa watu wema. Mbarikiwe wote. Gabriel, mshike mkeo mkono, ngazi ile ina utelezi.

Mtamu. Umeweka sukari... Ongeza kidogo.