Bana Chikondi na Sanduku la Madaftari

"Huyu mnayemsoma ni nani?"

Swali hilo liliulizwa Jumamosi, tarehe 18 Septemba 1971, katika makaburi ya kota za Kapepa, hapa Kitwe, na Bi. Esnati Kapambwe, mjane wa mchimbaji Daudi Kapambwe, baada ya karani wa mgodi kusoma historia ya mumewe kwa sentensi nne, kwamba alizaliwa yapata mwaka 1920, alikuwa na namba fulani ya kazi, hakuwa na elimu, ameacha mke na watoto. Karani alikunja karatasi yake, kwaya ikaanzisha wimbo, na mama wa watu akafunikwa kwa sauti. Ndugu waombolezaji, mwalimu wa miaka ishirini na mitano aliyesimama nyuma ya mjane yule ndiye tunayemzika leo, na alijua fika kwamba Daudi Kapambwe alikuwa na elimu, kwa sababu alimfundisha yeye mwenyewe kwa miaka minne, na wiki ile ile alikuwa amesahihisha barua yake ya kurasa mbili kwenda kwa msimamizi wa zamu. Huyo ndiye waliyemwita hana elimu.

Kabla hatujaenda mbali, familia inaomba mtazame sanduku la chuma la kijani lililo miguuni pa jeneza. Ndani yake mna madaftari themanini na saba, na tangu juzi ukoo umekuwa ukivutana kama lizikwe pamoja naye au lisizikwe. Uamuzi mtausikia mwishoni, ila ni haki yenu kujua kwanza yametoka wapi.

Marehemu Felistas Kabinga Jere, ambaye wengi wenu mmemwita Bana Chikondi kwa jina la mwanawe wa kwanza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika kijiji cha Chipasha, wilaya ya Chinsali, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Sandi Kabinga na marehemu Bi. Mande Nakasamba, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1953 hadi 1960, akaingia chuo cha ualimu huko Kasama mwaka 1963, na akamaliza Desemba 1964, miezi miwili baada ya uhuru, wakati ambapo kila mtu aliamini kuwa kila kitu kitabadilika kufikia Krismasi. Alifundisha watoto kwa miaka miwili, akawapenda, lakini alikuwa akisema watoto wanaamini kila unachowaambia, na yeye alitaka watu wa kubishana naye.

Aliwapata. Jumanne, tarehe 7 Februari 1967, alianza kufundisha Kiingereza na kuandika katika darasa la watu wazima, kwenye ukumbi wa kanisa ambao ofisi ya ustawi ya mgodi iliuazima, wanafunzi wakiwa wachimbaji thelathini na mmoja na wake zao tisa, wengi wao wa umri wa kumzaa. Kitabu alichopewa na ofisi kilianza kwa kumfundisha mtu mzima kumwitikia mkubwa wake ndiyo bwana, nimeelewa bwana, naenda bwana. Alikifunga, akakiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba, na akaandika ubaoni sentensi yake mwenyewe ya Kiingereza, ambayo kila aliyepita mikononi mwake anaijua hadi leo, yaani, sikubaliani na jambo hili, na sababu yangu ni hii. Mwezi wa Mei msimamizi mmoja wa zamu alikwenda kulalamika ofisini kwamba kikosi chake kimeanza kumpa sababu.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwepo Bw. Yosamu Jere, Mngoni wa Chipata na hivyo mtani wa Wabemba, mwendeshaji wa lifti ya kushusha wachimbaji chini, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alijiandikisha ili aone kama Mbemba anaweza kufundisha chochote zaidi ya kula nyani. Alileta posa yake ikiwa imeandikwa kama kazi ya nyumbani, ikarudishwa na wino mwekundu uliosema sababu hazitoshi, akaiandika tena, ikarudi, na ya tatu ndiyo iliyopita. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Julai 1968, watani wa pande zote mbili wakagombania kichwa cha mbuzi hadi kikapotea, na Mungu akawajalia watoto wanne, Chikondi mwaka 1969, Mwila mwaka 1972, Yosamu mdogo mwaka 1975 na Thokozani mwaka 1979.

Sasa turudi kwenye madaftari. Jumatatu iliyofuata mazishi ya Daudi Kapambwe, Bana Chikondi aligawa daftari jipya kwa kila mwanafunzi na kuwaambia waandike historia zao wenyewe, zile zitakazosomwa siku yao ikifika, waandike ukurasa wa kushoto tu na wauache wa kulia mtupu, kwa sababu bado wako hai na kuna ya kuongeza. Mzee Chikwanda, fundi wa kuweka magogo ya kuzuia mwamba, ambaye hakuwa mtu wa kunyamaza, aliuliza kama mwalimu amechoka kuwafundisha au amechoka kuwaona hai.

"Baba Chikwanda," alimjibu, "karani wa mgodi ameshaanza kukuandika. Mimi nakupa kalamu umwahi."

Wakaandika. Yeye aliyatunza katika sanduku hili, na kila Januari walirudia, wakaongeza, wakafuta, naye akapita nyuma yao na wino mwekundu, si kwa herufi tu bali kwa ukweli, maana aliwajua wote na nyumba zao alizijua, na mtu akijipamba kupita kiasi alikuta swali pembeni. Walilalamika sana, wakacheka zaidi, na wake waliokuwa wakisubiri nje na kinywaji cha munkoyo cha kuburudisha walianza kuingia kusikiliza, kisha wakadai madaftari yao.

Mzee Chikwanda alifariki Mei 1978, akazikwa Jumapili, tarehe 21, na familia yake iliomba daftari lake lisomwe badala ya karatasi ya karani. Msomaji alikuwa mwenzake wa darasani, Bw. Musenge, ambaye alifundishwa kamwe asiruke mstari, na ambaye alisoma kila sentensi kwa Kiingereza na kuifasiri kwa Kibemba, taratibu, kwa heshima zote, na hivyo ndivyo alivyousoma na wino mwekundu. Marehemu alisema alikuwa mume mpole asiyepaza sauti, na Bw. Musenge bila kubadilisha uso akaendelea kusoma, Baba Chikwanda, muulize mkeo kwanza. Mjane alikuwa wa kwanza kucheka, kitambaa kikamdondoka kichwani, na Wangoni waliokuja kwa utani wakagaagaa chini wakidai marehemu asahihishwe na upande wa pili wa karatasi. Kisha marehemu akasema amejaliwa watoto saba, na wino mwekundu ukasema, juzi uliniambia wanane, mwandike na huyo. Hapo kicheko kilikatika. Chini ya wino huo, kwa mwandiko wake mwenyewe Mzee Chikwanda, palikuwa na sentensi moja ambayo Bw. Musenge aliisoma mara mbili, kwamba ni kweli, wa nane anaitwa Chomba, anaishi Ndola na mama yake, nilimkana, naomba aitwe.

Chomba alikuwepo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, alikuja kwa basi asubuhi ile na kusimama nyuma kabisa kama mgeni wa mgeni, na watu wote walipogeuka alitaka kuondoka. Wazee wa kanisa walianza kunong'ona kwamba usomaji usimamishwe, ni aibu, ni makaburini hapa. Ni mjane aliyekata maneno, akiwa bado ameshika kitambaa chake mkononi.

"Mpeni nafasi akae na wenzake," alisema. "Ameshasomwa."

Alikaa. Leo ana miaka sitini, ni huyu hapa mstari wa mbele aliyevaa kitenge cha kijani, na mtu akitaka kujua Bana Chikondi alifanya nini duniani, amwangalie huyu kwanza kabla hajatafuta cheti.

Wazee wa kanisa hawakuona hivyo. Alhamisi, tarehe 1 Juni 1978, walimwita Bana Chikondi katika ofisi ya kanisa, akiwa na mimba ya Thokozani ya miezi miwili na hasira ya miezi saba, na Mzee Simwanza, mwenyekiti wao, akamweleza kwamba marehemu hajisemei, marehemu husemewa, na ndivyo ilivyo tangu zamani, kwa hiyo madaftari yote yachomwe kabla ya Jumapili, la sivyo darasa litoke ukumbini. Bana Chikondi alisimama, kwa sababu hakuwahi kujadiliana na mtu akiwa amekaa, na akawaambia kwa Kibemba sentensi ile ile ya ubaoni, sikubaliani na jambo hili, na sababu yangu ni hii.

"Yangekuwa yangu, wazee wangu, ningeyachoma leo," alisema. "Si yangu. Kila moja lina mwenyewe, nendeni mkamwombe yeye."

Wazee walihesabu wenyewe hao, wakakuta wamo wake zao wawili, na hakuna aliyekwenda kuomba. Walichofanya ni kufunga ukumbi kwa kufuli, na Jumatatu wanafunzi sitini na wawili walihamia uani kwa Jere, ambaye aliwatengenezea mabenchi ya magogo chakavu ya mgodini, akilalamika kwa kila msumari kwamba alioa Mbemba mmoja na sasa amepelekewa ukoo mzima, na wote wanataka kiti. Miaka miwili baadaye Mzee Simwanza mwenyewe alipita pale akisema amekuja tu kuona kama mabenchi yamenyooka, akakalia moja kulijaribu, akalijaribu kwa miaka sita, na alipozikwa historia yake ilisomwa kutoka daftari la kurasa arobaini, pamoja na wino mwekundu, kwa maagizo yake.

Uani pale Bana Chikondi alifundisha miaka ishirini mingine kwa mshahara wa ofisi ya ustawi, na mwaka 1998, migodi ilipouzwa, alipokea barua ya mstari mmoja iliyomshukuru kwa huduma yake kama msaidizi wa muda. Miaka thelathini na mmoja, ndugu waombolezaji, ni muda mrefu wa kuwa wa muda. Barua hiyo aliisoma darasani, akaweka wino mwekundu palipostahili, wanafunzi wakaiandika upya wote pamoja hadi ikawa na kurasa tatu na ukweli mtupu, wakairudisha ofisini kwa mkono, wakiwa themanini, wakiimba. Jibu halikuja. Darasa liliendelea siku iliyofuata kama kawaida, na kuanzia mwaka 2003 alilifundisha pamoja na Bi. Chomba, aliyehamia Kitwe na kujifunza kazi hiyo kwake.

Mumewe mpendwa alimtangulia tarehe 1 Oktoba 2006. Mwenyewe alianza kusumbuliwa na figo Novemba 2017, akatibiwa akitokea nyumbani, na alipolazwa kwa mara ya mwisho tarehe 20 Mei mwaka huu aliomba aletewe miwani, kalamu na madaftari mawili mapya, moja la mama mfagiaji wa wodi na moja la mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa ameanza kulalamikia ugali wa hospitali na hivyo, kwa kipimo chake, alikuwa tayari kuanza kuandika. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2019, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mwanawe Chikondi na Bi. Chomba wakiwa wamemshika mikono, akiwa na miaka sabini na mitatu, ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu watatu, na tarehe zote za maisha yake mlizozisikia hadi alipolazwa zimetoka kwenye daftari lake mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia kusahihishwa, majirani wa kota za Kapepa waliolala nasi hapa siku zote hizi na kupika bila kuchoka, kwaya, walimu wenzake wa madarasa ya watu wazima, na watani wetu Wangoni, ambao tangu jana wanakataa kutoka kwenye kiti chake mpaka walipwe kuku, na kuku huyo hatalipwa.

Kuhusu sanduku, Mzee Mulamba, kaka wa marehemu, alitaka lizikwe, akisema siri za watu zilale na aliyezitunza, na mjukuu wa marehemu anayesoma mbele yenu alisimama kwenye kikao na kutokubaliana naye, na sababu yake ilikuwa ile aliyoitoa marehemu mbele ya wazee mwaka 1978, kwamba anayezikwa huzikwa na vilivyo vyake, na haya si yake. Wengi wenye madaftari hayo mko hapa mnapumua, na kurasa zenu za kulia ni tupu. Mzee alifikiri, watani wakamchokoza kwamba anaogopa daftari namba arobaini na moja, ambalo ni lake mwenyewe, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba apewe la kwake kwanza na bila kutajwa. Familia inaomba radhi kwa kumtaja.

Bana Chikondi, umesimama mbele ya watu miaka hamsini, sasa kaa upumzike vyema.

Jeneza halitafungwa mpaka sanduku liwe tupu. Bi. Chomba ataita majina, na aliyetangulia ataitikiwa na mwanawe au mkewe. Tafadhali, ukisikia lako, njoo mbele ulichukue mwenyewe.